Uswisi na ndege za "bei ya mwisho": walipiga kura, wakapima, wakasaini, na bei ikapanda

#1 Kipanga_Mweupe

Wakuu salaam.

Kule kwenye uzi wa vita naona watu wanakabana koo kuhusu ndege za kivita, Rafale ya Ufaransa na F-35 ya Marekani, ipi kali, utadhani ni Simba na Yanga. Nimeona nije kuweka haya kando. Ubishi wa ndege ipi inapiga mbali ni mtamu, lakini nchi ndogo ikiingia sokoni kinachoitoa jasho ni kingine kabisa.

Tuitazame Uswisi. Hawa ni watu wa kupima kila kitu mara tatu. Hela wanayo. Vita na nchi nyingine hawajapigana tangu enzi za mababu wa mababu zao. Na ndege za kivita wanazinunua kwa kura ya wananchi. Ndiyo, umesoma sawa. Mfuga ng'ombe, mwalimu, dereva wa treni, kila mmoja analetewa bahasha nyumbani: tununue au tusinunue?

Naanzia asubuhi ya tarehe 17 Februari 2014. Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, safari namba 702, imetoka Addis Ababa usiku kwenda Roma na watu 202 ndani. Rubani mkuu akatoka kwenda msalani, msaidizi wake akafunga mlango kwa ndani. Roma ikapitwa. Jamaa akaenda kuzunguka juu ya Geneva mpaka mafuta yanakaribia kwisha, akatua kama saa 12 asubuhi, akafungua dirisha la chumba cha marubani, akateremka kwa kamba, akajisalimisha na kuomba hifadhi. Abiria wote walitoka salama.

Kituko kiko hapa. Ndege za kivita zilizoisindikiza zilikuwa za Italia, kisha za Ufaransa. Za Uswisi hazikupaa hata moja. Jeshi lilipoulizwa likajibu bila kupepesa macho: tunafanya kazi saa za ofisi. Saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, wanakwenda kula, wanarudi saa 7 na nusu hadi saa 11 jioni. Wikiendi hawapo. Dunia ikacheka mpaka ikakaa chini.

Sasa miezi mitatu tu baadaye, tarehe 18 Mei 2014, wananchi hao hao wakaulizwa kama wanataka ndege za kivita 22 aina ya Gripen za Sweden kwa faranga bilioni 3.1. Ungedhani baada ya aibu ile wangekubali mbiombio. Asilimia 53.4 wakasema hapana.

Ngoja nimalize kazi ya watu, narudi na sehemu ya pili. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule mwingine.

#2 Chachandu

Siti ya mbele hapa, karanga ninazo. Shusha mkuu.

#3 Sultani_wa_Mtoni

Jeshi linafunga saa 11 jioni kama ofisi ya mtendaji wa kata 😂😂 Adui naye apange foleni, achukue namba.

Ila mleta mada, nchi haina bahari, imezungukwa na marafiki watupu. Ndege za kivita za nini? Si wanunue ng'ombe tu.

#4 Mama_Thun

Nimecheka, lakini mimi naishi huku mwaka wa 14 sasa, nimeolewa huku, acheni niwaambie kilichotokea 2014 kwa macho yangu.

Watu hawakukataa kwa sababu wanachukia jeshi. Nchi hii mwaka 1989 iliulizwa kwa kura kama jeshi lifutwe kabisa, na theluthi moja ya wapiga kura wakasema lifutwe, kwa hiyo wapinzani wapo na wamejipanga. Chama chao kinaitwa GSoA, kipo tangu 1982. Lakini kura ya Gripen waliiangusha hata watu ambao wamelala bwenini jeshini, wana bunduki kabatini. Mume wangu ni mmoja wao. Neno lake lilikuwa moja: "Hiyo ndege iko kwenye karatasi." Gripen E wakati ule ilikuwa bado ya majaribio, hakuna jeshi lolote lililokuwa linairusha.

Halafu waziri wa ulinzi wa wakati huo, Ueli Maurer, kwenye mikutano ya kampeni alikuwa na utani wake. Anawauliza watu nyumbani kwenu mna vitu vingapi vyenye umri wa zaidi ya miaka 30 ambavyo bado vinafanya kazi, kwamba ndege zetu za F-5 ndiyo zimefikia hapo. Kisha anajijibu kwamba kwao havipo vingi, labda mke anayetunza nyumba. Wanaume ukumbini wakacheka. Wanawake wakaweka moyoni, bahasha zikaja.

Siku hiyo hiyo pia walikataa mshahara wa kima cha chini wa faranga 22 kwa saa, tena kwa zaidi ya robo tatu ya kura. Kwa hiyo msifikiri huku watu wanakataa bunduki ili wagawane siagi. Wanakataa tu.

#5 Chachandu

"Wanawake wakaweka moyoni, bahasha zikaja." Mama umeua 🙌

#6 Kipanga_Mweupe

Shikamoo Mama_Thun, asante kwa nyama ulizoongeza, mimi nilikuwa na mifupa tu.

Sultani, kuhusu "ndege za nini". Fikiria kazi ya polisi wa barabarani, ila juu. Ndege ya abiria imezima redio, nani anapanda kuangalia kuna nini? Rais wa nchi kubwa yuko mkutanoni Davos au Geneva, nani anafunga anga? Kutoka mashariki hadi magharibi nchi ile ni kama kilomita 350. Ndege ya abiria inaimaliza ndani ya nusu saa. Ukichelewa kufunga viatu imeshakuwa ya jirani. Baada ya aibu ya Ethiopian waliongeza zamu kidogokidogo, na mwisho wa 2020 ndipo wakafikia saa 24: ndege mbili zenye silaha zinasubiri, zinatakiwa ziwe angani ndani ya dakika 15.

Kwa zamu hiyo wana F/A-18 za Kimarekani, walinunua 34, zimebaki 30. Hizo nazo zilipita kwenye tundu la sindano mwaka 1993. Wapinzani walikusanya saini karibu nusu milioni ndani ya mwezi mmoja hivi, na wakashindwa kwenye sanduku. Ukiachia hizo kuna F-5 Tiger, vizee ambavyo usiku au hali ya hewa ikichafuka haviwezi kazi ya ulinzi wa anga. F/A-18 zenyewe zimepangiwa kustaafu kuanzia 2030 hivi.

Kwa hiyo wakarudi sokoni, safari hii wakiwa na akili mpya. 2014 wananchi walikataa *ndege*. Basi 2020 serikali haikuwauliza ndege. Iliwauliza *hela*: mnaturuhusu kutumia hadi faranga bilioni 6 kwa ndege mpya, ndiyo au hapana? Aina tutachagua sisi baadaye. Ujanja huo uwekeni akilini, tutaurudia.

Waliokuwa kwenye tenda: Eurofighter, Rafale, Super Hornet na F-35. Gripen nayo ilikuwepo mwanzoni, ila mwaka 2019 Waswisi waliita kila ndege ije kujaribiwa kwenye kambi ya Payerne, milima yao, rada zao, wahandisi wao kwenye kiti cha nyuma pale kilipokuwepo. Saab, watengenezaji wa Gripen, wakashauriwa wasijisumbue kwa sababu Gripen E ilikuwa haijawa tayari kwa majaribio yale. Ikajiondoa.

Kura ikapigwa tarehe 27 Septemba 2020. Ndiyo ilipata asilimia 50.1. Tofauti nchi nzima haikufika kura 9,000. Uwanja wa Taifa kwa Mkapa unakaa watu 60,000. Hao 9,000 hawajazi hata upande mmoja.

#7 Mama_Thun

Hiyo ya 2020 nilipiga kura mwenyewe, uraia nilikuwa nimeshapata. Bahasha inakuja wiki tatu nne kabla. Ndani mna karatasi za kura, kijitabu chekundu cha serikali kinachoeleza kila swali na hoja za pande zote, na kadi ambayo usipoitia saini kura yako haihesabiki. Siku ile maswali yalikuwa matano. Kupunguza wageni, sheria ya uwindaji (mbwamwitu wanakula kondoo), unafuu wa kodi kwa wenye watoto, likizo ya wiki mbili kwa baba aliyepata mtoto, na ndege.

Tulikaa mezani jikoni, mume wangu na kalamu yake, mimi na yangu, mtoto ananyonya. Likizo ya baba niliandika ndiyo kabla hata sijakaa vizuri. Ya wageni hapana, ningejifukuza mwenyewe? Ya ndege nikaangalia, nikaangalia, nikaenda kuchanganya chai, nikarudi. Nikaiacha tupu. Jumapili matokeo yalipokuwa yanasomwa na namba zinabanana vile, mume wangu akaniangalia tu. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu.

#8 Fundi_Redio

Uzi mtamu. Nina swali la kiufundi. Kama kazi ni kusindikiza ndege za abiria zilizozima redio, F-35 inaingiaje? Ile imetengenezwa isionekane kwenye rada, iingie kwa adui kimyakimya, ipige, itoke. Polisi wa anga kazi yake ni *kuonekana*. Unajipanga pembeni ya rubani, unatikisa mabawa, akuone. Ni sawa na kumpa askari wa trafiki nguo za kininja.

#9 Kipanga_Mweupe

Fundi, hoja hiyo ndiyo waliyoipigia kelele wapinzani, na kwa kusema kweli sijawahi kuona ikijibiwa hadi nikashiba. Jibu la serikali ni kwamba ndege inanunuliwa kwa miaka 30, haiwezi kuwa ya trafiki tu, siku mambo yakiharibika iwe na uwezo wa vita.

Lakini tazama jinsi walivyopima. Ubora wa kazi ulibeba asilimia 55 ya alama, huduma na vipuri 25, ushirikiano wa majeshi 10, na kazi zitakazorudi kwa viwanda vya Uswisi 10. Bei ikalinganishwa na alama hizo. Tarehe 30 Juni 2021 waziri Viola Amherd akatoka na majibu: F-35A ina alama 336, aliyeifuata yuko nyuma kwa alama 95 au zaidi. Iliongoza vigezo vitatu kati ya vinne, ikaachwa kwenye kile cha viwanda. Halafu lililowashangaza wote: ikawa ndiyo *rahisi* pia. Kununua na kuendesha kwa miaka 30, faranga bilioni 15.5, karibu bilioni 2 chini ya mshindani wa karibu.

Hapo wengi tulikuna vichwa. Ndege ambayo Wamarekani wenyewe wanalia kila mwaka kuwa inakula hela, Uswisi imekuwa ya bei poa? Maelezo mojawapo ni kwamba itaruka saa chache zaidi, mazoezi mengi yatafanyika kwenye vibanda vya kuigiza urushaji. Sawa. Ufaransa walinuna, maana Rafale walikuwa wanaiona iko mfukoni.

Zilizoagizwa ni 36. Bei ya zabuni bilioni 5.068. Mkataba ukasainiwa Septemba 2022, wakati saini zaidi ya 100,000 za wananchi waliotaka kuusimamisha zikiwa zimeshafikishwa mezani Bern, makao ya serikali. Serikali ikasema ofa inaisha Machi 2023, haiwezi kungoja kura. Pamoja na ndege wakaagiza na makombora ya Patriot ya kujikinga, karibu bilioni 2 nyingine.

#10 MwanaNanyuki

Salamu kutoka Laikipia. Nyinyi mnaziita F-5 vizee, sisi hapa zinapita juu ya mabati yetu mpaka leo na kuku wamezizoea 😄 Nilikuwa sijui kwamba Uswisi nao wanazo. Zao wanazipeleka wapi zikistaafu?

#11 Kipanga_Mweupe

Nyingi zimerudi Marekani. Jeshi la majini la kule linazinunua kwa Waswisi ziigize ndege za adui kwenye mazoezi. Waliona zimetunzwa vizuri kuliko za kwao. Mswisi hata gari lake la mtumba huoni mkwaruzo.

Sasa niingie kwenye kiini.

Mwaka juzi niliagiza kabati la nguo kwa fundi mmoja hapa mtaani. Nikamuuliza bei ya mwisho, akaniambia, nikatoa nusu. Wiki mbili baadaye ananipigia: "Bosi, mninga umepanda." Nikamwambia si ulisema bei ya mwisho? Akanijibu bila kuona haya, "Bei ya mwisho ni ya *ufundi* wangu bosi, mbao siyo zangu mimi."

Hiki ndicho kilichowapata Waswisi, ila kabati lao lina injini.

Kuanzia 2021 serikali yao iliwaambia wananchi, wabunge na waandishi wa habari kwamba bei haibadiliki. Imefungwa. Wakatafuta na maoni ya wanasheria, nao wakaunga mkono. Juni 2025 wakajitokeza mbele ya watu, nyuso hazina raha: Marekani inasema kulikuwa na *kutoelewana*. Inataka nyongeza kati ya dola milioni 650 na bilioni 1.3. Sababu ni malighafi, nishati, mfumuko wa bei.

Ni hivi. F-35 hununui kiwandani. Unanunua kwa serikali ya Marekani. Wizara yao ya ulinzi inakaa na Lockheed Martin, kampuni inayoziunda, inapatana bei ya fungu zima la ndege, za kwao na za wateja wote, halafu kila mteja analipa kile wanacholipa wao. Hawachukui faida, na hawakubebei hasara pia. Kwa hiyo "bei isiyobadilika" kwa tafsiri ya Washington ni ile wanayofungana na kiwanda *fungu hilo linapofika*. Bern wakasikia ni bei yao wao, imeandikwa, imekwisha. Neno moja, masikio mawili. Na mafungu mengine ya Uswisi yalikuwa hayajapatanwa bado.

#12 Sultani_wa_Mtoni

Wamepigwa. Tena wamepigwa na rafiki. Na sisi Watanzania tulivyosemwa na dunia nzima enzi za kashfa ya kununua rada 😏

#13 Chachandu

Sultani usiuharibu uzi wa watu, rada ina uzi wake.

#14 Wakili_Njaa

Mimi hapo nawatetea Wamarekani kidogo, mnisamehe.

Ofisi ya ukaguzi wa hesabu ya Uswisi yenyewe ilitoa ripoti 2022, kabla mkataba haujasainiwa, ikasema uhakika wa kisheria wa bei hiyo haupo. Si mpinzani aliyesema, si gazeti. Ni mkaguzi wao wenyewe wa serikali. Wizara ikajibu kwamba mkaguzi hakuelewa. Mteja anayeonywa na mhasibu wake na bado anasaini, ukija kwangu ofisini nitakuuliza: ulikuwa unataka ushauri au baraka?

Tena ukinunua serikali kwa serikali huna mahakama ya kukimbilia. Utaishitaki Marekani wapi? Mgogoro unamalizwa kwa mazungumzo. Na mazungumzo unayafanya na nani? Na yule yule aliyekushikia vipuri.

#15 Kipanga_Mweupe

Wakili umenena, ila usisahau majira. Nyongeza ya bei ilitangazwa Juni 2025. Julai wakaambiwa Patriot zao zitachelewa, Ukraine inatangulia. Tarehe 1 Agosti, sikukuu yao ya taifa, fataki zimeshapangwa, wanapata habari kwamba Trump amewawekea ushuru wa asilimia 39 kwa bidhaa zao, saa, mashine, chokoleti. Rais wao wa mwaka ule, Karin Keller-Sutter, alikuwa ameongea naye kwa simu usiku wa kuamkia siku hiyo. Uje hapo umwambie mtu kama huyo, "Samahani mheshimiwa, kuhusu zile ndege..." Amherd alikuwa ameshaondoka Machi. Aliyeachiwa zigo ni Martin Pfister, ana miezi michache tu kwenye kiti. Agosti akasema wazi kwamba Marekani haitetereki.

#16 Fundi_Redio

Na hapo ndipo wasiwasi wangu wa pili ulipo. Hii ndege inaishi kwa programu. Data za kutambua rada za adui, taarifa za matengenezo, ratiba ya vipuri, vyote vinapitia kwenye mifumo ya Wamarekani. Machi 2025 huko Denmark mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya bunge, Rasmus Jarlov, aliandika hadharani kwamba anajuta nchi yake kuchagua F-35, wakati ule Trump anakitamani kisiwa chao cha Greenland. Watu wakaanza kusema kuna swichi ya siri ya kuizima ndege kutoka mbali. Ushahidi wa swichi hakuna, na sidhani kama inahitajika. Mtu akikunyima vipuri na akaacha kukutumia data mpya, ndege haizimiki. Inazeeka tu haraka, imekaa bandani.

Ila nao Wadenmark hao hao, mwaka ule ule, wakaagiza F-35 nyingine 16. Kwa hiyo majuto nayo yana bajeti yake.

#17 Mbongo_wa_Brno

Niko Chekia. Hapa njia ilikuwa nyingine. Jamaa tangu 2005 *wamekodi* Gripen 14 kutoka Sweden. Hawakununua. Na zimefanya kazi, zimekwenda kulinda anga la nchi za Baltiki, hakuna aliyelia. Nami nilidhani wataendelea hivyo. Lakini baada ya Urusi kuivamia Ukraine akili zikabadilika, wakaamua kununua F-35 24. Kwa hiyo msidhani ni Uswisi tu wanaopenda vya bei mbaya.

Walio na hadithi chungu kuliko wote ni Austria, jirani yao kabisa. Eurofighter, waliagiza 18 mwaka 2003, 2007 wakapunguza zikawa 15 za toleo pungufu ili kuokoa hela, halafu ikafuata miaka na miaka ya tume za bunge na kesi za tuhuma za rushwa. Nao hawakupiga kura. Ingekuwa Uswisi sijui ingefikia wapi.

#18 Sultani_wa_Mtoni

Kipanga, swali moja tu nilale. Kwa nini wasivunje mkataba? Wananchi waliambiwa bei moja, imekuwa nyingine. Vunja, rudi kwa Mfaransa, muombe radhi, chukua Rafale.

#19 Kipanga_Mweupe

Kwa sababu muda umewakalia shingoni. F/A-18 zinachoka. Ukianza tenda upya leo ni miaka ya kupima, kupiga kura, kusubiri foleni kiwandani, na foleni za Ulaya sasa hivi ni ndefu. Hela nyingine wameshatoa. Serikali ilisema wazi kuwa ukivunja, anga la nchi linabaki bila mlinzi kuanzia miaka ya mwanzo ya 2030. Nchi iliyochekwa kwa kutokuwa na mtu kazini saa 12 asubuhi haiwezi kurudi pale.

Lakini sikia walichofanya, hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Turudi 1961. Bunge lao liliidhinisha Mirage III 100 za Ufaransa kwa faranga milioni 871. Waswisi hawakuzitaka kama zilivyo. Wakataka rada ya Kimarekani, wakataka ziimarishwe ziweze kunyanyuliwa kwa winchi ndani ya mapango, maana ndege zao wanazificha milimani. Kila badiliko lina bei. Mwaka 1964 serikali ikarudi bungeni: tunaomba milioni 576 zaidi. Wabunge wakawaka. Ikaundwa tume, mwenyekiti wake kijana anaitwa Kurt Furgler, ikachambua kila kitu. Mkuu wa jeshi la anga akaondoka. Waziri Paul Chaudet naye kiti chake hakikupona. Na ndege? Zikashuka kutoka 100 hadi 57. Yaani bunge lilisema: hela zote hizo hatutoi, chukueni ndege chache.

Mwishoni mwa 2025 serikali ya sasa ikatamka karibu maneno yale yale. Tutachukua F-35 nyingi kadiri zitakavyoingia ndani ya bilioni 6 zilizopigiwa kura. Maana yake 36 hazitafika.

Sasa kumbukeni ule ujanja wa 2020. Serikali iliogopa kuwauliza wananchi ndege, ikawauliza hela, ili iwe huru kuchagua. Bilioni 6, asilimia 50.1. Miaka mitano baadaye bei imeyumba, idadi imeyumba, tarehe za Patriot zimeyumba, hata maana ya neno "haibadiliki" imeyumba. Katika mambo yote yale kitu kimoja tu kimesimama pale pale: ile namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya kura. Nchi nzima bei ya mwisho ilikuwa moja, na aliyeitaja si muuzaji.

#20 Wakili_Njaa

Hiyo ya Mirage sikuijua. Na wanasheria wao nao walikuwa hawaijui?

#21 Chachandu

Kwa hiyo jumla zitakuja ngapi mkuu?

#22 Kipanga_Mweupe

Inategemea kila fungu litatoka kwa bei gani. Watu wanataja 30 hivi. Za kwanza zinatarajiwa 2027, na hazitakwenda Uswisi moja kwa moja, zitabaki Arkansas, Marekani, marubani wajifunzie.

#23 Mama_Thun

Zitakazofika zitagawanywa kambi tatu: Payerne, Emmen na Meiringen. Meiringen ni bondeni tu huku kwetu, tunakwenda na mtoto kwa treni wakati wa likizo. Kuna barabara ya kawaida kabisa ya vijijini, watu wanapita na baiskeli, inakatiza njia ya ndege. Kuna kizuizi kama kile cha reli. Kengele inalia, kinashuka, mnasimama. Mbele yenu trekta la mavi ya ng'ombe, nyuma yenu basi la wanafunzi. Upande wa kulia ni mlima, una mlango. Mlango unafunguka na F/A-18 inatoka ndani ya jiwe kama panya anayechungulia, polepole, rubani anaonekana kabisa, mwanangu anampungia mkono na safari iliyopita alipungiwa na yeye. Inapita, kizuizi kinapanda, trekta linaendelea na safari.

Dakika tano baadaye ndiyo inaruka. Hapo mnaziba masikio, maana bonde ni jembamba na sauti haina pa kwenda, inapiga ukuta huu inarudi na ule. Ng'ombe hawainui hata kichwa. Lakini yule mzee tunayenunua jibini kwake ananiambia wameshapewa taarifa kwamba F-35 ina kelele kuliko hizi. Nikamuuliza 2020 alipiga kura gani. Akasema ndiyo. Nikamuuliza na sasa kwamba zinakuja chache? Akafunga jibini langu kwenye karatasi, akaandika bei juu yake kwa penseli, akanipa.

"Afadhali," akasema. "Kelele nazo zitakuwa chache."